Kitasa Kilichotobolewa: Usinunue Mashine Iliyotumika Ukasahau Mlango Wake



Najua wengi mlitegemea wiki hii niendelee na alizeti, maana tuliishia kwenye nafasi ya sentimita 75 kwa 30 na nikaahidi kuzungumzia kupunguzia miche. Ahadi iko palepale. Lakini mwezi huu watu wanne tofauti wamenipigia simu kuuliza jambo moja, na jambo lenyewe mimi nina deni nalo. Wanauliza hivi: "Afisa, nimepata mashine ya kuuzia mafuta, imetumika, bei nzuri, ila kitasa cha droo kimetobolewa. Ninunue?"

Utasema afisa ugani na kitasa wapi na wapi. Ngoja nieleze.

Mashine hizi mnazijua. Wenzetu wa Kenya wamezizoea siku nyingi: za maziwa, za mafuta ya kula, za maji. Mteja anasema "nipe ya mia tano", mwenye duka anabonyeza namba, mashine inamimina ya mia tano kamili. Hakuna kukisia na kikombe, hakuna ugomvi wa "umenipunja". Kwa mkoa kama wetu wa Singida, ambako alizeti inakamuliwa karibu kila kituo cha barabarani na mama wa kawaida ananunua mafuta ya siku moja, ni kifaa kinachofaa kabisa. Siku hizi zilizotumika zinaingia kwa bei ambayo kikundi kinaweza kuimudu. Nyingine zinatoka Dar es Salaam au Arusha, nyingine zimevukia Namanga.

Na nyingi zinakuja na tundu pale palipokuwa na kitasa.

Msimamo wangu nausema mapema ili usipoteze muda. Mashine yenye kitasa kilichotobolewa unaweza kuinunua, lakini uweke vitasa vipya vya aina ileile kabla haijauza hata tone moja, na kikundi kikubaliane kwa maandishi nani anashika ufunguo. Kama hela ya vitasa haipo, basi hela ya mashine nayo haipo. Subirini.

Kuna watakaosema nakuza jambo dogo. Mimi mwenyewe nililiona dogo. Soma kwanza kilichotokea.

Kosa nililolifanya mimi

Kuna kikundi cha akina mama katika kijiji kimojawapo cha wilaya hii. Kijiji sikitaji, na wao wenyewe wakisoma watajijua. Walikuwa na akiba yao ya hisa, wakaongezea, wakanunua mashine ya mafuta iliyotumika. Ilikuwa nzima, pampu inavuta vizuri, kioo cha namba kinawaka. Ila droo ya hela chini ilikuwa na tundu la duara, kitasa kimetobolewa kwa drili.

Waliniuliza. Nikawaambia, na maneno nayakumbuka vizuri: "Msihangaike na kitasa, mwiteni fundi achomelee komeo, mtie kufuli la kawaida. Hela ya kitasa nunueni mafuta."

Nilitoa ushauri huo nikiwa nimesimama na pikipiki inaunguruma. Sikushuka hata kuangalia.

Fundi alichomelea komeo. Kufuli likanunuliwa dukani palepale kijijini, yale madogo ya bei ya chini ambayo kila mtu anayo. Funguo zilikuwa mbili: mmoja kwa mhazini, na mwingine "uko kwa mhazini pia, usije ukapotea". Hela zilikuwa zinahesabiwa kila Jumamosi.

Wiki ya tatu mashine ilionyesha mauzo, droo ikahesabiwa, ikakosekana Sh. 186,000. Kufuli zima, komeo zima, hakuna alama ya kuvunja. Funguo zote mbili ziko kwa mtu mmoja.

Unajua kilichofuata. Kikao kiliitishwa na mimi nikaalikwa. Hakuna aliyemwita mwizi kwa mdomo, lakini kila aliyesimama aliuliza swali lilelile: "Kama hujachukua wewe, nani ana ufunguo?" Mama yule hakuwa na jibu. Nami nilikaa kimya, nikaandika kwenye daftari langu kana kwamba nina kazi. Baada ya siku nane alileta hela yote. Aliuza mbuzi. Akalipa, akaaga, akatoka kwenye kikundi.

Miezi miwili baadaye katibu alisahau ufunguo nyumbani. Kwa utani akaazima ufunguo wa kufuli la duka la jirani, kwa sababu makufuli yanafanana. Likafunguka. Wakajaribu ufunguo wa kufuli la jiko la mgahawa ng'ambo ya barabara, la aina ileile. Likafunguka nalo.

Sisemi jirani aliiba, wala wa mgahawa. Sijui, na hakuna anayejua. Ninachosema ni kwamba swali lile la kikao lilikuwa na jibu: ufunguo ulikuwa kwa nusu ya kijiji. Hatukulijua kwa sababu hatukuuliza kufuli, tuliuliza mtu.

Nilikwenda kumwona yule mama. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikaomba radhi. Akasema: "Mwanangu, hela nililipa zikaisha. Jina ndilo sijarudishiwa."

Ndiyo maana leo naandika kuhusu kitasa.

Kwanza: kwa nini kimetobolewa?

Kitasa hakijitoboi. Sababu halali zipo: mwenye mashine amepoteza funguo, mpangaji alihama akaacha mashine kwenye fremu, dalali aliuza kwa mnada na funguo hazikuja. Haya yanatokea. Lakini tundu lilelile anaweza kulitoboa mwizi, na mashine ya wizi ikikutwa kwako, sheria inakuuliza wewe. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kusema "niliuziwa tu" hakutoshi kama ulikuwa na kila sababu ya kushtuka.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela:

- Tafuta bati dogo lenye namba ya mashine, mara nyingi liko nyuma au ndani ya mlango. Likiwa limesagwa kwa grenda au limebanduliwa, ondoka. Usibishane bei, ondoka.
- Dai risiti. Kama ni mtu binafsi anauza, andikeni hati ya mauziano yenye namba ya mashine, jina na kitambulisho chake, mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa.
- Kama imetoka nje ya nchi, dai karatasi za forodha. Usikubali kuambiwa "zitakuja".
- Andika kwenye hati hiyo kwamba kitasa kilikuwa kimetobolewa siku ya mauzo. Sentensi moja tu. Siku ya siku itakusaidia.

Tundu hilo pia litumie kwenye bei. Wanunuzi wengi wanaomba wapunguziwe bei ya kitasa kimoja. Omba upunguziwe vitasa vyote vya mashine pamoja na kazi ya fundi. Hata milango ambayo haikutobolewa, funguo zake zimepita mikononi mwa watu usiowajua.

Pili: mashine ina milango mitatu, na kila mmoja ni biashara yake

Watu wakisikia kitasa wanafikiria hela tu. Fungua mashine uitazame vizuri.

Mlango wa kwanza ni wa hela: droo au kisanduku. Huu unaeleweka.

Mlango wa pili ni wa bidhaa: tangi la mafuta au maziwa. Huu watu wanauacha wazi, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko wa hela. Hela ikiibwa umepoteza hela. Tangi likifunguliwa na mtu akaongeza maji kwenye maziwa, au mafuta ya bei rahisi kwenye alizeti yako safi, umepoteza wateja, na pengine mtoto wa mtu ameugua.

Mlango wa tatu ni wa vifaa vya umeme, palipo na pampu na bodi ya namba. Anayeingia hapo anaweza kubadilisha kipimo. Lita ikawa pungufu bila wewe kujua, au ikazidi ukawa unagawa faida yako bure.

Hapo hapo kuna kitu kinaitwa lakiri, ile alama ya risasi au stika ya Wakala wa Vipimo. Lakiri si kitasa, na fundi wa vitasa hana ruhusa ya kuigusa. Kifaa chochote cha kupimia biashara kinatakiwa kihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na uhakiki unarudiwa kila mwaka. Mashine ikija na lakiri iliyokatwa, usianze kuuza. Wasiliana na ofisi yao ya mkoa. Wakati unasubiri, jipime mwenyewe kwa kumimina lita moja mara kumi kwenye chombo cha kupimia ulichokiamini. Ikiwa haifiki ndoo ya lita kumi, tatizo unalo.

Kuna na mlango wa nne usioonekana: namba ya siri. Mashine nyingi zina namba ya kuingilia kwenye mipangilio, ambako unaweka bei na kuona jumla ya mauzo. Zilizotoka kiwandani huwa na namba nyepesi, na mwenye mashine wa zamani anaijua. Siku unayobadilisha kitasa, badilisha na hiyo.

Tatu: jua unanunua kitasa gani

Usiende Singida mjini ukaomba "kitasa cha mashine". Utapewa chochote. Kwenye mashine zilizotumika utakutana hasa na aina mbili.

Ya kwanza ni kitasa cha ulimi. Ni kipande cha duara chenye nyuzi kama bolti, kinapita kwenye tundu la bati, nyuma kinakazwa kwa nati, na mwishoni kuna ulimi wa chuma unaozunguka na kushika fremu. Ndicho kilichoko kwenye droo nyingi, kwenye makabati ya ofisini na kwenye masanduku ya barua. Kina ufunguo bapa, au ule wa duara kama bomba dogo.

Ya pili iko kwenye mashine kubwa za soda na biskuti: mpini unaochomoza ukifunguliwa, kisha unauzungusha mara nyingi mpaka mlango uachie. Hapa mara nyingi kinachotobolewa ni kile kipande kidogo cha katikati kinachopokea ufunguo. Kama mpini wenyewe haujaharibika, unaweza kubadilisha kipande hicho peke yake. Usikubali kuuziwa mpini mzima kabla fundi hajaangalia.

Kwa kitasa cha ulimi, pima vitu vinne na uviandike:

1. Kipenyo cha tundu. Wengi wetu tutakuta milimita 19 au karibu na hapo, lakini pima, usikisie.
2. Urefu wa mwili wa kitasa, kutoka uso wa mlango hadi mahali ulimi unapokaa. Kikiwa kifupi ulimi hautafika, kikiwa kirefu mlango utachezacheza.
3. Ulimi: urefu wake, na kama umenyooka au umekunjwa. Ukiupata ule wa zamani, nenda nao mfukoni. Mara nyingi ulimi hauharibiki, unaweza kuurudisha.
4. Unazunguka kwenda upande gani, kulia au kushoto, na kwa robo mzunguko au nusu.

Ukiwa dukani, fanya jambo ambalo sisi hatukufanya. Omba vitasa viwili au vitatu vya aina hiyo, chukua ufunguo wa kimoja ujaribu kwenye kingine. Vikifunguana, rudisha vyote. Angalia na namba iliyogongwa kwenye ufunguo au usoni mwa kitasa. Vitasa vyenye namba moja vina ufunguo mmoja. Kwa mlango wa hela chukua namba ambayo haiko kwenye milango mingine. Muuzaji akikasirika mwambie afisa ugani ndiye aliyekutuma.

Usipokipata Singida mjini, ulizia mafundi wanaofanya kazi karibu na SIDO. Wanazijua mashine hizi na wanaweza kuagiza au kuchonga sehemu iliyopungua. Chukua na picha ya tundu kwenye simu, ukiweka rula kando yake.

Nne: kazi yenyewe

Mpe fundi kazi, lakini usimame pale. Mambo ya kusimamia ni haya.

Chomoa mashine kwenye umeme kabla ya kugusa chochote. Kuzima kwa swichi tu hakutoshi, chomoa.

Toa mafuta au maziwa yote kwenye tangi na ufunike midomo yote kwa kitambaa safi. Kitasa kikitobolewa kinamwaga unga wa chuma. Unga ule ukiingia kwenye bodi ya umeme unaweza kuunguza mashine, na ukiingia kwenye tangi mtu ataunywa. Aliyetoboa mara ya kwanza huenda hakujali, kwa hiyo chukulia kwamba unga wa zamani bado umo. Safisha kwa brashi na kitambaa chenye unyevu kidogo. Usitegemee sumaku peke yake, kwa sababu vitasa vingi ni shaba au zinki na sumaku haivishiki. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu, utausukuma ndani zaidi.

Mabaki ya kitasa yatolewe kwa kufungua nati ya nyuma. Asigonge kwa nyundo kutoka mbele. Bati litakunjika na mlango hautafunga sawasawa tena. Makali ya tundu yasawazishwe kwa tupa. Kama drili imeacha tundu pana au la yai, fundi aweke kipande cha bati nene nyuma na mbele chenye tundu sahihi, ndipo kitasa kikae hapo. Bila hivyo kitazunguka chote pamoja na ufunguo.

Komeo la kuchomelea nalipinga, na si kwa sababu ya makufuli mepesi tu. Moto wa kuchomelea unakunja bati jembamba, unaunguza nyaya zilizo nyuma yake, na unatoa rangi ya kinga ili kutu ianze. Kwenye mashine ya chakula kutu haina nafasi. Kama umeshachomelea na huna hela leo, basi angalau nunua kufuli zuri ambalo umelijaribu kwa funguo nyingine, na uweke akiba ya kitasa.

Kikishafungwa, kijaribu mara ishirini mlango ukiwa wazi kabla hujaufunga. Wengi wamefunga mlango kwa furaha, ulimi ukakwama, wakaanza kutafuta drili tena.

Na vumbi letu la Ikungi unalijua. Kitasa kikianza kuwa kigumu usikitie mafuta ya kula. Mafuta yanakamata vumbi, baada ya mwezi kinakuwa tope. Chukua penseli ya kawaida, sugua ufunguo kwa ule mkaa wake, ingiza na kutoa mara kadhaa. Inatosha.

Tano: funguo ni za nani

Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko pote hapo juu.

Wengi wenu mmo kwenye vikundi vya hisa. Mnajua kisanduku chetu: kufuli tatu, na walioshika funguo watatu, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Utaratibu huo ulitoka Niger, ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima hadi kwetu. Umeenea kwa sababu moja kubwa: unamlinda mhazini. Hela ikipotea, hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole.

Sasa niambieni, kwa nini wanawake walewale wenye kisanduku cha kufuli tatu wakinunua mashine wanampa mtu mmoja funguo zote? Nadhani ni kwa sababu mashine inaonekana ni ya kisasa, tukadhani itajilinda. Haijilindi.

Napendekeza hivi kwa kikundi:

- Mlango wa hela uwe na vitasa viwili vyenye funguo tofauti. Mmoja kwa mhazini, mwingine kwa mwanachama asiye wa nyumba moja naye wala ndugu yake wa karibu.
- Mhudumu wa siku asiwe na ufunguo wa hela hata mmoja. Apewe chenji ya asubuhi kwenye kopo, ikiandikwa, na hela za mauzo azidumbukize kwenye droo kupitia upenyo.
- Droo ifunguliwe kila jioni na walioshika funguo wote wawili. Jumla ya mashine isomwe, hela ihesabiwe, vyote viandikwe na wasaini. Msingoje Jumamosi. Mali bila daftari hupotea bila habari.
- Funguo za akiba ziwekwe kwenye bahasha, ifungwe na kusainiwa na watu watatu juu ya gundi, ikae ndani ya kisanduku cha hisa.
- Ufunguo ukipotea, kitasa kinabadilishwa siku hiyo kwa hela ya kikundi, na aliyepoteza asitukanwe. Ukimtukana, anayefuata ataficha.
- Yote haya yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kikundi cha hisa kinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 katika daraja la nne, kwa hiyo muhtasari wenu una uzito.

Na wewe mfanyabiashara wa peke yako, mwenye duka na kijana wa kuuza, usidhani haya hayakuhusu. Kijana wako naye ana jina.

"Mwizi akitaka ataiba tu"

Hoja hii nimeisikia sana. Ni kweli, hakuna kitasa kinachomshinda mtu mwenye drili na usiku mzima. Lakini kitasa kizuri kikivunjwa kinaacha alama. Kufuli jepesi linafunguka bila alama, na pasipo alama anayeshukiwa ni mwenye ufunguo. Mimi hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Hoja ya pili ni gharama. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mashine inauza lita 15 kwa siku na faida ni Sh. 400 kwa lita. Hiyo ni Sh. 6,000 kwa siku. Vitasa, nauli ya kwenda na kurudi Singida, fundi, na bati la kuzibia tundu, tuseme vyote Sh. 60,000. Ni faida ya siku kumi. Zile Sh. 186,000 za wale akina mama ni faida ya siku 31. Na katika hesabu hiyo sijaweka mbuzi, wala mhazini mzuri aliyeondoka, wala akina mama wawili walioacha kuweka hisa baada yake.

Hoja ya tatu nailetea wenzangu wa serikalini, tukiwa wa ugani na wa maendeleo ya jamii. Kikundi kinapoandika andiko la mradi kwa ajili ya mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, tunakagua bei ya mashine, bei ya malighafi, kodi ya fremu. Ni lini tuliuliza "mstari wa vitasa uko wapi? Nani atashika funguo? Mashine imehakikiwa na Vipimo?" Tunawapa akina mama na vijana mzigo wa milioni kadhaa, halafu tunawaacha waulinde kwa kufuli la bei ya soda mbili. Likitokea la kutokea tunakaa kwenye kikao tunaandika daftari. Nimeshafanya hivyo mara moja, sitarudia.

La mwisho

Kile kikundi bado kipo. Sasa mashine yao ina vitasa viwili kwenye droo na kimoja kwenye tangi. Waliamua pia, kwenye muhtasari, kwamba mama yule hakuhusika, na wamekubaliana kumrudishia hela yake kidogo kidogo kutoka kwenye faida. Muhtasari huo nimeombwa niusome mbele ya mkutano wa kijiji ujao, kwa sauti, na mimi niseme mbele ya watu ushauri ule wa kufuli ulitoka kwa nani.

Nitausoma, na hilo la ushauri nitalisema.

Wewe uliye na mashine nyumbani yenye tundu na komeo la kuchomelea, leo jioni fanya jambo moja dogo. Azima funguo mbili tatu za makufuli ya majirani, ujaribu kwenye lako. Likifunguka, usimtazame vibaya jirani. Nenda kapime tundu.

Wiki ijayo turudi kwenye alizeti. Kazi njema.